Udongo wa Dimbwi la Mkiwa

Watu wakiniuliza nimesomea nini, nawajibu: kamba. Wanacheka. Mtu wa Singida, mkoa ambao bahari tunaisikia redioni, akasomee kamba! Shangazi yangu, dada yake baba, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza kama huko Ulaya walikosa kitu cha maana cha kunifundisha. Nikamwambia, shangazi, wanaonilipia ndio walioniona nafaa kwa hilo. Akasema basi hao watu wana hela za kuchezea. Sikubishana naye. Shangazi habishiwi.

Kamba wangu si wale wa sahani. Ni vikamba vidogo vya kwenye madimbwi ya mvua, urefu wake hauzidi ukucha wa kidole gumba, vina rangi ya maji yaliyooshewa mchele, na vinaogelea chali, miguu juu, kama vimelewa. Ukivitazama kwa haraka utasema ni wadudu tu. Lakini ni ndugu wa kamba na kaa, na ukoo wao ni wa zamani kuliko dinosaria. Nilivifahamu nikiwa mtoto, kabla sijajua kusoma, kwenye dimbwi la Mkiwa, njia panda ya mabasi.

Baba alikuwa na duka Singida mjini, watu wake walitoka pwani miaka mingi nyuma. Mama ni Mnyaturu, wa kijijini hasa, aliyeolewa mjini akajifunza kupika wali wa nazi kwa nazi ya kutafuta kwa tochi. Ilipokuja ruksa, biashara zikafunguliwa, mabasi ya watu binafsi yakaanza kufukuzana barabarani, mama akasema yeye hawezi kukaa dukani kumtazama baba akisinzia wakati hela zinapita njia panda. Akawa anakwenda Mkiwa na mafuta ya alizeti, vitunguu na mayai ya kuchemsha. Shule ikifungwa alinichukua. Basi likisimama, mama alikuwa wa kwanza dirishani, na hakuna mwanamke pale aliyeweza kumpita kwa mbio wala kwa mdomo. "Kaka, nunua, usiende kwa mkeo mikono mitupu!" Nilimwonea fahari mpaka basi.

Nyuma ya wauzaji ndipo palipokuwa na dimbwi. Kiangazi kizima lilikuwa udongo mtupu uliopasuka vipande vipande, tunaruka kipande hadi kipande. Mvua za kwanza zikishapiga, maji yanajaa, ng'ombe wanakuja kunywa, na siku chache baadaye unaona vikamba vimeenea kote. Hakuna mto ulioingia pale. Hakuna aliyevileta. Nilimuuliza mama vimetoka wapi. Alikuwa anamenya yai la mteja, akanijibu bila kugeuka: "Vimeshuka na mvua." Nikaamini. Niliamini mpaka nikafika chuo kikuu, na nikwambie kweli, siku niliyojua ukweli nilisikitika kidogo.

Ukweli ni kwamba vilikuwepo pale pale. Dimbwi likikaribia kukauka, vikamba majike hutaga mayai madogo kuliko punje ya ulezi, kisha hufa vyote. Mayai yanabaki udongoni, yanakauka kabisa. Jua linayapiga, ng'ombe wanayakanyaga, upepo unayapeperusha, na yenyewe yapo tu, miaka hata miaka. Yakipata maji, yanaamka. Swali nililopelekwa Ulaya nalo lilikuwa dogo ukilisema na kubwa ukiligusa: ndani ya yai lililokauka kunatokea nini linapoguswa na maji?

Nitaeleza kwa kifupi, maana najua mtu akisikia jeni anatafuta mlango. Kila chembe ya mwili wa kiumbe, awe kamba au shangazi yangu, imebeba maagizo yote ya kuujenga mwili ule. Hayo maagizo ndiyo jeni. Lakini chembe haiyasomi yote kwa pamoja. Ikitaka kutumia jeni fulani, inatoa nakala yake, nakala inafanya kazi, kisha inavunjika. Kazi yangu ilikuwa kukusanya nakala hizo kutoka kwenye mayai, kuziingiza kwenye mashine inayozisoma herufi kwa herufi, halafu kompyuta ihesabu jeni ipi inapiga kelele na ipi imenyamaza. Nakala zenyewe ni dhaifu ajabu. Jasho la kidole linazimaliza. Ndiyo maana kutwa nzima nilivaa glovu na kuongea kwa kujizuia, mimi binti wa mama yule! Na kuyaumiza mayai kwa moto ndiyo usiseme, hapo hakibaki kitu.

Mkuu wangu wa maabara alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye sauti kubwa, asiyejua utani. Siku majibu ya kwanza yalipotoka alinivutia kiti nikae karibu naye. Nilitegemea yai kavu litakuwa kimya. Haikuwa hivyo. Yai lililokauka lilikuwa limejaa nakala, zimetunzwa, hazifanyi kazi, zinangoja. Na nyingi kati yake hazikutolewa na yai lenyewe. Aliziweka mama yake, kabla hajataga, kabla hajafa, kwa ajili ya siku ya maji ambayo yeye hataiona. Mkuu wangu akawa ananionyesha mistari kwenye kioo cha kompyuta, anasema vizuri, vizuri sana. Mimi machozi yananilengalenga. Nilimtamani mama yangu pale pale, nimshike mkono wenye harufu ya vitunguu, nimwambie mama, umeona haya?

Sikumwambia. Ningeanzia wapi?

Na kulikuwa na jingine ambalo hatukuwa tunaambiana. Nilikuwa nimeolewa miaka mingi na sina mtoto. Mume wangu alinifuata Ulaya, akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate, tukapanga chumba na jiko, na kila mwezi nilitumaini na kila mwezi nikalia. Hospitali za huko zilitupima wote wawili, wakasema hawaoni tatizo. Kama hamwoni tatizo, basi tatizo ni lenu! Niliwaambia hivyo kwa Kiswahili, wakatabasamu. Nilitaka mtoto mpaka nikawa sipiti kwenye mtaa wenye shule ya chekechea. Nyumbani Singida wanawake walikuwa wanamuuliza mama sokoni: vipi binti, bado? Yeye hakuniuliza hata siku moja. Baba alishafariki, mama amebaki na nyumba kubwa na kuku, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Kila nikipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, aliuliza kitu kimoja: "Unakula?" Nilijua anachouliza. Nami nikimjibu "Nakula, mama," alijua nilichomjibu.

Kisha udongo ukaniishia. Nilikuwa nimechota mwenyewe ndoo moja kule Mkiwa nilipokwenda likizo, nikadhani unatosha. Mkuu wangu akataka turudie jaribio zima, kwa mayai ya dimbwi lile lile, vinginevyo hakuna atakayetuamini. Vibali vya kusafirisha tulikuwa navyo bado. Nikasema hilo si tatizo, nitamwomba mama.

Siku niliyopiga nilikuwa mgonjwa. Homa ya baridi ilinishika, tumbo limechafuka, nimelala juu ya kochi na blanketi. Tukasalimiana. Akauliza, "Unakula?" Safari hii nikasema ukweli: "Wala, mama. Chakula hakipandi. Harufu ya kitunguu tu inanichefua. Asubuhi nimetapika."

Akaongea haraka haraka mambo mengine kabisa, habari za mtaani, akasema na lile dimbwi la Mkiwa limekwisha, mwekezaji amenunua eneo lote, anajenga kituo cha mafuta, malori ya kifusi yanaanza wiki ijayo.

Nikakaa kitako. "Mama! Naomba udongo wa pale."

"Udongo?"

"Ule mkavu wa juu. Nautaka sana, mama, wahi kabla hawajafukia. Nitumie wowote utakaopata."

Nikasikia anavuta pumzi. Kisha kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba wa baba, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Usiseme zaidi. Utaupata."

Nikaona mama yangu mwepesi jamani, ameelewa bila kuelezwa! Nikakata simu nimefurahi. Sasa wewe unayesoma umeshajua, najua umeshajua. Mwanamke mtu mzima, nimekulia sokoni Singida ambako wajawazito wananunua udongo wa kula kila siku, unaouzwa vidonge vidonge pembeni ya magadi na dagaa, wanautafuna barabarani bila haya. Binti aliyeko mbali, chakula hakipandi, asubuhi anatapika, anaomba udongo wa kwao. Na kwetu mimba changa haitajwi, sembuse kwenye simu, ukiitaja umeifungulia mlango watu wenye macho mabaya. Mama angeniuliza vipi? Yeye alinyamaza kama mama mwenye adabu anavyonyamaza. Na mimi na usomi wangu wote sikustuka hata kidogo.

Mzigo uliletwa na kijana wa Itigi aliyekuwa anasoma huko huko, alikwenda kwao kusalimia akapitia kwa mama. Alinikabidhi mfuko kwa mikono miwili, uso umemjaa adabu ya ajabu.

"Dada, mama yako amenisomea dua mpaka nikaona aibu," alisema. "Amesema mzigo huu nisiuweke chini ya kiti. Nimeupakata ndege nzima."

"Masikini, pole."

"Na amesema nikwambie usiogope, kwa kuwa ule udongo ni wa dimbwi la ng'ombe. Ameuchekecha vizuri na kuukaanga sana. Vijidudu vyote vimekufa."

Nilimshukuru, nikamfungia mlango, nikasimama pale pale kwenye korido. Vijidudu vyote vimekufa. Vijidudu hivyo ndivyo nilivyovitaka, mama!

Nikaingia chumbani, nikaufungua mfuko; ndani kulikuwa na kopo la maziwa ya unga limefungwa vitambaa. Nilivivuta vitambaa nikavitupa kitandani bila kuvitazama, nikafungua kopo. Udongo ulikuwa umekandwa vidonge vya mviringo, vimepangwa kwa safu, vimekaangwa hadi vikawa vyekundu. Vilinukia moshi na iliki. Iliki! Nilikasirika nikatukana peke yangu, nikamtukana mwekezaji, nikamtukana yule kijana asiye na kosa. Dimbwi limeshafukiwa, kifusi kimemwagwa, hakuna pa kuchota tena. Udongo wa mwisho wa dimbwi la utoto wangu umekuja Ulaya ukiwa umepikwa.

Ndipo nikageuka kutafuta mfuniko, nikaviona vile vitambaa.

Zilikuwa kanga za mama. Si mpya, zile za zamani zilizofuliwa mpaka zimelainika, ambazo nilimjua nazo tangu mtoto, ile ya njano ya kwendea Mkiwa na ile nyekundu ya msibani kwa bibi. Alikuwa amezikata miraba midogo, akazikunja pindo kwa mkono, mshono mdogo mdogo wa mtu ambaye macho hayaoni vizuri tena. Nepi. Kwetu bibi ndiye anayemkatia mjukuu nepi kutoka kwenye kanga zake laini, ili ngozi ya mtoto isichubuke. Nilikaa sakafuni. Loo, mama yangu. Nililia kwa sauti, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio, nikaendelea kulia.

Mume wangu alivyorudi kutoka kazini alizikuta kitandani. Aliokota moja, akaigeuza, akalitazama pindo lake. Hakuuliza. Anamjua mkwewe.

"Utamwambia?" akasema baadaye.

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mama yako yule."

"Nimwambie nini sasa?"

Akazikunja nepi zote vizuri, moja juu ya nyingine, akaziweka kabatini nyuma ya mashuka. Nilimwona anafuta uso kwa mkono wenye unga.

Siku zile nilikwenda kazini kama kawaida. Niliponda kidonge kimoja, nikakiloweka kwenye maji ya joto la Mkiwa, nikakiwekea taa. Nilijua, lakini nilikiloweka. Asubuhi nachungulia, mchana nachungulia. Hakikutoka kitu. Mayai machache yaliyopona kwenye chekecheke nikayapima, nikatoa nakala zake nione. Zilikuwa zimekatikakatika zote, kwenye kioo ukatoka ukungu mtupu usio na mstari hata mmoja. Mkuu wangu akauliza huo udongo umepatwa na nini. Nikamwambia umepikwa. Akauliza nani anapika udongo. Nikamwambia mama yangu, na uso wangu nadhani ulimwambia asiendelee, kwa maana yule bibi asiyejua utani alivua miwani, akanishika bega, akaondoka. Baadaye tulipata udongo wa dimbwi jingine, upande wa Mitundu, tukarudia kila kitu, na majibu yakawa yale yale. Sikuwa na hamu nayo tena. Nilichokuwa nacho rohoni ni simu ambayo sijaipiga.

Maana mama alikuwa anangoja. Hilo ndilo lililoninyima raha. Kule Singida, kwenye nyumba kubwa yenye kuku, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa anahesabu miezi kwa vidole, anawapita wanawake wa sokoni kichwa juu, hasemi kitu, anatabasamu. Kila siku nisiyopiga, furaha yake inaongezeka. Kila siku nisiyopiga, itauma zaidi. Kuna wakati nilijidanganya: ngoja kidogo, pengine mwezi huu itakuwa kweli, na nisilazimike kusema. Wallahi nilingoja. Mwezi ukaisha kama ilivyo kawaida yake.

Nilipiga Jumapili mchana. Mume wangu alitoka akasema anakwenda kununua maziwa, na maziwa yalikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba mwanangu! Mzigo ulifika salama?"

"Ulifika, mama. Asante."

"Unakula?"

Safari hii alikuwa anauliza habari ya udongo. Sauti yake ilikuwa imejaa kicheko, kicheko cha msichana. Nilisikia kuku nyuma yake, na redio ya jirani. Nilikuwa nimejipanga maneno ya kuzungukazunguka, yakaniruka yote.

"Mama, sina mimba."

Nikaendelea haraka kabla hajasema kitu.

"Nilikuwa na homa tu siku ile. Udongo niliutaka wa kazini. Kwa ajili ya vile vikamba vya dimbwini, mayai yake yanakaa humo. Ndiyo ninayosoma, mama. Nilipaswa kukueleza."

"Wa kazini," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimeukaanga."

"Umeukaanga, mama."

Nikasikia anacheka kidogo puani, kisha kicheko kikakatika. Jogoo akawika, akamfukuza, "Shh, toka hapa," kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu. Nikasema nisamehe, mama. Akasema hakuna la kusamehe. Akasema alipokuwa anachimba pale Mkiwa, malori yameshaanza kumwaga kifusi upande wa pili, alijiuliza mbona mtoto huyu ameomba udongo wa dimbwi la ng'ombe. Mwenye mimba hutaka wa kichuguu, au ule wa sokoni. Hata yeye alipokuwa na mimi alitaka wa kichuguu. Akasema alilijua hilo pale pale, jembe likiwa mkononi. Akachimba tu. Akaenda nyumbani, akakaanga, akakata kanga.

"Sasa mama," nikamwambia, "kama ulikuwa na wasiwasi, mbona hukuniuliza?"

Nikasikia anawamwagia kuku mtama.

"Ningekuuliza," alisema, "ungenijibu."

Tukabaki hivyo, yeye akipumua kwake na mimi kwangu, hakuna aliyekata, mpaka salio likaisha.